Huku Hakuna Kutazama

Nilipokuwa darasa la tatu hapa Mwanza nilikuwa na imani moja isiyotikisika: steringi wa filamu hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataanguka kutoka kwenye farasi, ataburutwa vumbini mpaka kofia imtoke, lakini atainuka. Anayekufa ni adui, na hufa mwishoni kabisa, baada ya kutuudhi kwa saa mbili nzima. Tanzania Bara hapakuwa na televisheni wakati huo; stesheni za kwanza zilikuja mwaka 1994. Tulikuwa na sinema za mjini, kisha zikaja deki za video katika mabanda ya mabati ambayo kila mtu aliyaita kibanda umiza. Humo tulikutana na makauboi wa Marekani, makauboi wa Kitaliano wa akina Django, na Sholay ya Wahindi ya mwaka 1975, yenye farasi na bastola za kutosha kumfanya mtoto aamini kwamba India nayo ina Texas yake. Tukitoka hapo tulipanda na kushuka majabali ya vilima vyetu kwa mbio, vijiti mikononi, kila mmoja akidai yeye ndiye steringi. Hakuna aliyetaka kuwa mwanakijiji.

Mwezi wa sita mwaka jana nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Nyakato. Mpwa wangu, mtoto wa miaka 9, alikuwa amejikunja kwenye kochi na simu ya mama yake, anaangalia filamu ya kauboi iliyotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja anayeigiza wote, mwanamume, mwanamke, hata farasi. Sanaa hiyo kwetu aliijengea jina Kapteni Derek Mukandala, yule Lufufu, na vijana wengi wamemfuata. Mtoto akaniuliza sherifu ni nani. Nikamweleza kwamba si sharifu wa Lamu au Unguja, mwenye nasaba ya Mtume. Ni maneno mawili yaliyofanana sauti tu, moja la Kiarabu, jingine la Kiingereza cha kale, na la Kiingereza lilimaanisha msimamizi wa jimbo. Sherifu, nikamwambia, ni mtu anayelinda mji na kukamata wezi wa ng'ombe.

Akatazama tena kioo cha simu, kisha akasema, "Mjomba, mbona yuko peke yake? Watu wa kijiji wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilikuwa nimepanga kwenda Magu kuwasalimia wazee, na swali hilo nikalibeba kama mzigo wa mtu mwingine niliyeombwa niufikishe.

Maana swali hilo ndilo moyo wa hadithi zote za namna hii. Kuna filamu ya mwaka 1952, High Noon, ambayo niliiona nikiwa mtu mzima. Mlinzi wa mji mdogo, Will Kane, anapata habari siku ya harusi yake kwamba muuaji aliyemkamata zamani ameachiwa na anarudi kwa treni ya saa sita mchana. Anakwenda baa, anakwenda kanisani, anagonga nyumba za marafiki, anaomba watu wa kusimama naye. Mmoja ana mke, mwingine ana biashara, mwingine amejificha ndani na kumtuma mkewe aseme hayupo. Kane anapigana karibu peke yake, anashinda, na wananchi wanapotoka majumbani kumzunguka anaivua nyota yake kifuani, anaitupa mavumbini na kuondoka bila kusema neno. Wengi huikumbuka filamu hiyo kwa ushujaa wa mtu mmoja. Mimi huikumbuka kwa milango iliyofungwa.

Daladala la Barabara ya Musoma lilitoka Buzuruga limejaa, likapita Igoma, likatushusha Kisesa. Kutoka hapo nilikwenda Bujora, kama kilomita 20 kutoka mjini, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre kutoka Quebec, David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alifika kama mmisionari, akapenda ngoma, akajenga kanisa ambalo ndani yake mambo ya utemi wa Kisukuma yamepewa heshima ya altare. Nyumba ya watemi pale imejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Nilisimama mbele ya ngoma zao kubwa na kufikiri juu ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ambavyo hadi leo hushindana wakati wa sherehe za Bulabo, kila upande na waganga wake, nyimbo zake na mashabiki wake. Huku shujaa alikuwa mchezaji. Ng'wanamalundi, ambaye bibi zetu walitusimulia kwamba akinyoosha kidole mti hukauka, alikuwa mcheza ngoma kwanza, na ngoma haichezwi bila watu wa kuizunguka. Hata muujiza wake ulihitaji umati.

Baada ya Kisesa barabara inaanza kupumua. Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba, na baiskeli zilikuwa zimebeba magunia mapana kuliko wapandaji. Upande wa kushoto ziwa linajitokeza na kujificha, upande wa kulia mbuga zinaelekea Serengeti. Ng'ombe wako kila mahali. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni jembe la kukokotwa, ni ada ya shule na ni heshima ya mtu akifa. Ukichukua ng'ombe wa mtu umechukua harusi ya mwanawe. Ndiyo maana nasema hadithi za makauboi hazikutuingia kwa sababu ya kupenda vya wazungu. Tulikuwa tunajua kila kitu kilichomo ndani yake, isipokuwa farasi: zizi, vumbi, mchungaji kijana mwenye njaa, wezi wanaokuja mwezi ukiwa mchanga, na serikali iliyo mbali.

Na wala makauboi wenyewe hawakuwa wale tuliowaona. Waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kwenye reli za Kansas baada ya mwaka 1865 walikuwa vibarua, na wengi wao walikuwa weusi na Wameksiko. Bass Reeves alizaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838. Kuanzia 1875 akawa askari wa serikali kuu katika eneo la Wahindi Wekundu, ambalo leo ni Oklahoma, na kwa hesabu yake mwenyewe alikamata zaidi ya watu 3,000. Mwanawe alipomuua mke wake mwenyewe, hati ya kumkamata ilimpitia Reeves, na akaenda kumkamata. Reeves alifariki mwaka 1910, na filamu zote tulizotazama vibandani hazikututajia jina lake hata mara moja. Badala yake tulipewa John Wayne, ambaye alifika hata kwetu: Hatari! ya mwaka 1962 ilipigwa upande wa Arusha, na humo anafukuza vifaru kwa gari na kitanzi kama mchunga ng'ombe. Nchi katika filamu za namna hiyo huonekana tupu, inasubiri mwenyewe afike. Tulishangilia, watoto weusi gizani, bila kujiuliza wale Wahindi Wekundu waliokuwa wakianguka juu ya vilima na mishale yao walikuwa wanalinda ng'ombe wa nani na ardhi ya nani.

Babu mdogo, mdogo wake babu aliyemzaa baba yangu, nilimkuta chini ya mwembe.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nilimpa sukari na majani ya chai, nikamwachia muda wa kuulizia kila mtu wa ukoo kwa jina. Kisha nikamwambia swali la mtoto wa Nyakato. Alicheka sana, akafuta macho kwa ncha ya shuka, halafu uso wake ukabadilika.

Alianza na vita. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vijana wa huku wakaenda, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na watu wakarudi. Bunduki nazo zikarudi, nyingine mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Uchumi ulikuwa umeanguka, dukani hakuna sabuni. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa fimbo na mbio, ukawa wa risasi. Usiku mmoja zizi la babu lilivunjwa na ng'ombe 43 wakachukuliwa. Wazee walikwenda kwenye kituo cha polisi, wakaambiwa gari halina petroli. Walipopata petroli ya kununua wenyewe, nyayo zilikuwa zimeshapitiwa na mvua. Babu aliishi miaka mingine minane, na babu mdogo anasema katika miaka hiyo hakuwahi tena kukaa mahali ambapo angeweza kuliona zizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka upande wa Kahama, ikaja habari ya watu waliojipanga. Walijiita Basalama, watu wa amani, lakini jina lililoshika ni sungusungu, kama wale chungu weusi wanaotembea mstari mmoja na kuuma pamoja. Silaha yao ilikuwa upinde na mishale. Mawasiliano yao filimbi na mwano, ule ukelele wa hatari unaopokewa na nyumba moja hadi nyingine mpaka vijiji vitano viko macho. Kila kijiji kikawa na viongozi wake: katibu wa kuandika, kamanda wa kuongoza vijana, na juu yao mtemi, yaani chifu. Serikali ilikuwa imeufuta uchifu tangu 1963, na bado watu walipotafuta jina la kumpa mtu wa kuwalinda, walirudi kwenye jina hilohilo.

"Sasa mjibu mtoto wako," babu mdogo akasema. "Mwano ukilia, unatoka. Mgonjwa anatoka mwanawe. Usipotoka, kesho unaitwa dagashida, barazani, unatozwa. Ukikataa kulipa, unatengwa. Hupewi moto, husaidiwi kuzika, hakuna anayekusalimu. Nyayo za ng'ombe tunazifuata mpaka mpaka wa kijiji. Wa kijiji hicho wanazipokea, watuonyeshe zilipotokea upande wa pili. Wasipoonyesha, ng'ombe wako kwao."

Nilimwangalia na kumfikiria Will Kane akigonga milango. Hapa palikuwa na filamu hiyohiyo iliyogeuzwa kichwa chini: mlango uliofungwa ndio uliokuwa kosa. Wakurya wa Mara, ambao baraza lao la iritongo lina umri mkubwa kuliko serikali yoyote iliyopita huko, nao waliupokea utaratibu huo baadaye na kuushona na wa kwao.

Lakini siwezi kuisimulia habari hii kama sinema ya kibanda umiza, adui huku na steringi kule. Kanda hii ilikuwa na jeraha kabla ya sungusungu. Katikati ya miaka ya 1970 mauaji ya watu walioshukiwa uchawi, wengi wao akina mama wazee, yalizidi Mwanza na Shinyanga. Serikali ikaleta nguvu, watu wakakamatwa kwa wingi mwaka 1976, na baadhi ya watuhumiwa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu, hakuwapo. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini yake. Katika hadithi zote za walinzi wa sheria nilizowahi kusikia, za Kansas na za kwetu, hakuna inayonigusa kama hii. Kane alitupa nyota yake kwa kuwadharau raia. Mwinyi aliivua ya kwake kwa kuwaheshimu, tena raia waliokuwa watuhumiwa. Miaka minane baadaye akawa Rais, na ilikuwa wakati wa urais wake, mwaka 1989, Bunge lilipobadilisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu nguvu ya kisheria ya kukamata. Watu waliokuwa wakitazamwa na mahakama kwa shaka wakaingia ndani ya uzio wa sheria.

Nilimuuliza babu mdogo kuhusu wale bibi walioshukiwa uchawi. Alinyamaza muda mrefu. Macho mekundu waliyodai ni ya uchawi, akasema hatimaye, ni ya moshi. Kila mwanamke wa huku anayepika kwa kinyesi cha ng'ombe au kuni mbichi miaka hamsini atakuwa na macho mekundu. Watu walijua hilo, na bado katika mabaraza hayohayo yaliyorudisha ng'ombe walikaa watu waliowanyooshea vidole wajane. Baadhi ya wajane hao walifukuzwa vijijini, wengine walikutwa asubuhi wamekatwa mapanga na hakuna aliyepiga mwano. Sitaki kulipunguza hilo. Umati unaomkamata mwizi ndio huohuo unaoweza kumuua asiye na hatia, na mwenye kusimulia la kwanza akaficha la pili anasema uongo. Sheria inayopita bila mahakama ni fupi na tamu mpaka siku inapogonga kwa mama yako.

Jioni tulishuka ziwani. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inaandaliwa, taa zinajaribiwa moja moja. Vijana walinieleza kwamba wezi wa siku hizi hawaji kwa miguu. Wanakuja kwa boti yenye kasi, wanawazunguka wavuvi katikati ya maji, wanachukua mashine na nyavu, wanawaacha waelee. Tangu sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 alipogeuka biashara kubwa, visiwa na makambi ya ziwani yamekuwa na tabia ya miji ile ya filamu: pesa ya haraka, wageni wengi, baa zisizolala, na askari wachache mno. Mashine moja ya boti ni sawa na ng'ombe wengi, na majini hakuna nyayo. Kijana mmoja aliniambia kwamba wakiona taa isiyojibu ishara, mitumbwi yote inakaribiana na kuungana pamoja mpaka taa hiyo ipite. Sikuhitaji kumuuliza alijifunzia wapi.

Usiku huo nililala katika nyumba ya babu mdogo. Filimbi ilinishtua, sijui saa ngapi, moja, kisha tatu, kisha yowe kutoka upande wa mto likipokewa karibu zaidi, na karibu zaidi, mpaka likaanza kwenye ua wetu wenyewe. Niliruka kitandani na kusimama mlangoni. Mwezi ulikuwa mdogo. Watu walikuwa wanapita mbio kimyakimya, fimbo, panga, tochi, upinde mmoja. Moyo ulikuwa unanidunda, nami nilisimama pale nikiangalia, kama nilivyokuwa nikiangalia nikiwa na miaka 9.

Bibi, mke wa babu mdogo, alitoka nyuma yangu, khanga kichwani, akanisukuma begani kwa kiganja.

"Mjukuu, toka. Huku hakuna kutazama."

Nikatoka. Tulikimbia katika shamba la pamba lililovunwa, vijiti vyake vikinichana miguu, mpaka bondeni ambako tochi zote zilikuwa zimekusanyika. Ng'ombe 3 wa mjane mmoja walikuwa wametoroka zizini na kuingia kwenye majaruba ya mpunga. Hapakuwa na mwizi. Hakuna aliyelalamika kwamba ameamshwa bure. Waliwaswaga ng'ombe hadi kwao, wakafunga mlango wa zizi kwa miba mipya, na kijana mwenye daftari akasimama chini ya mwanga wa tochi kuandika waliofika. Aliniuliza jina langu. Yalikuwa majina 61, na la kwangu lilikuwa la mwisho.

Asubuhi nilimpigia simu mpwa wangu nikamjibu swali lake. Nilimwambia watu wa kijiji wako wapi, na kwamba yupo bibi yake mmoja anayewajua wote.

Vijana waliobeba upinde mwaka 1982 wana miaka 60 na 70 sasa. Katika makumi ya filamu za Kitanzania nilizotazama, za mapenzi, za majini, za majambazi wa mjini, sijakutana na hata moja iliyowaweka wao katikati, pamoja na ng'ombe waliorudishwa na wajane waliodhulumiwa. Ndugu zangu mnaoandika na mnaoshika kamera, hadithi hii inawasubiri, na ielezeni yote. Nawe msomaji, kama una mzee wa aina hiyo Magu, Kwimba, Misungwi au Sengerema, usingoje msiba ndipo urudi nyumbani. Nenda mwaka huu, keti naye chini ya mwembe, na simu yako ya kurekodia iwe na chaji.